DAWA YA HOMA NA MILANGO YA MOYO

Jinsi kompyuta inavyotumiwa kutafuta dawa ya mapigo yaliyovurugika, na kwa nini jambo hilo lawahusu wakazi wa ufuko wa Ziwa Mweru

Mji wa Nchelenge uko kaskazini mwa Zambia, katika Jimbo la Luapula, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Jirani yake ni Kashikishi, penye soko la samaki na Hospitali ya Misheni ya St Paul. Wavuvi wa huko huleta ufukoni samaki aitwaye pale, wa jamii ya perege, na chisense, ambao sisi tungewaita dagaa. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na katika miji ya Kilwa na Pweto iliyo upande huo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Kwa hiyo si ajabu mgeni atokaye Kigoma akajiona hayuko mbali sana na kwao.

Lakini wataalamu wa maradhi wanapolitaja jina la Nchelenge, hawafikirii samaki. Wanafikiria malaria. Ziwa, Mto Luapula na vinamasi vyake huzalisha mbu mwaka mzima, na uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu, wengi wao bila hata kujihisi wagonjwa. Kuta za nyumba zilipuliziwa dawa, vyandarua viligawiwa, na bado homa haikuondoka. Mtoto wa huko akifika umri wa kuanza shule huwa amekwisha kumeza dawa ya malaria mara nyingi kuliko mama yake awezavyo kukumbuka.

Hata hivyo makala haya hayahusu mbu. Yanahusu moyo. Msomaji ataniuliza: homa ya malaria na mapigo ya moyo yana uhusiano gani? Uhusiano upo, tena ni wa karibu mno. Dawa nyingi za malaria, tangu kwinini ya zamani hadi vidonge vya leo, hupitia kwenye milango ya moyo kabla ya kutoka mwilini. Zikipita kwa adabu, mgonjwa hupona wala hajui kitu. Zikikwama mlangoni, moyo hupoteza hesabu yake. Na milango hiyohiyo ndiyo wataalamu wanayoilenga kwa makusudi wanapotengeneza dawa za kutibu mapigo yaliyovurugika. Dawa ya kuponya na dawa ya kudhuru zimekutana mahali pamoja, na kazi ya kuzitenganisha ndiyo iliyokabidhiwa kompyuta.

UMEME NDANI YA NYAMA

Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja. Hakuna sajini anayeuhesabia hatua, hujihesabia wenyewe. Sehemu ya juu, upande wa kulia, upo mkusanyiko mdogo wa chembe hai ambao hutoa amri, na amri hiyo ni umeme. Si umeme wa waya kama ule wa taa, bali ni umeme wa chumvi. Kila chembe ya moyo imezungukwa na utando mwembamba, na katika utando huo imo milango midogo mno, isiyoonekana kwa hadubini ya kawaida, ambayo hupitisha madini yenye umeme. Mlango mmoja hupitisha sodiamu, ambayo imo katika chumvi ya chakula. Mwingine hupitisha kalisiamu, iliyomo katika maziwa na katika mifupa yetu. Na mwingine potasiamu, ambayo twaipata kwa wingi katika ndizi na maharagwe.

Milango hii hupokezana kama walinzi wa zamu. Sodiamu huingia kwanza, kwa kasi, na chembe huamka. Kalisiamu hufuata, na nyama ya moyo hujikaza na kusukuma damu. Kisha milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka nje, na chembe hutulia na kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Yote hayo hutimia katika muda usiofika nusu sekunde. Sasa fikiri mlango wa potasiamu umezibwa. Chembe hubaki macho kupita muda wake, na pigo jingine laweza kuzuka kabla zamu haijafika. Hapo moyo huanza kutetemeka badala ya kupiga. Damu haiendi kichwani, mtu huanguka na kuzimia, na hali hiyo isipokoma upesi hufa.

Si kila mvurugiko wa mapigo ni wa hatari hiyo. Upo ule wa vyumba vya juu vya moyo, ambao mtu huweza kuishi nao kwa miaka, akihisi kifua kinapapatika na pumzi inakuwa fupi anapopanda kilima. Hatari yake ni ya chinichini: damu isiyosukumwa vizuri huganda ndani ya moyo, na bonge likipanda kwenye ubongo mtu hupooza upande mmoja.

MHOLANZI ALIYEJITIBU

Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea tabibu mashuhuri wa moyo, Karel Wenckebach, akilalamika kuwa mapigo yake yamevurugika. Tabibu akamweleza kwamba hakuna dawa ya uhakika ya kuyaondoa maradhi hayo. Yule bwana hakukubali. Alisema kuwa yeye mwenyewe huyaondoa kwa kumeza gramu moja ya kwinini, dawa aliyozoea kuitumia katika nchi zenye malaria. Kesho yake akarudi, na mapigo yamenyooka. Wenckebach alikiandika kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1914, na mwaka 1918 tabibu Walter Frey akaonyesha kwamba ndugu wa kwinini, aitwaye kwinidini, ana nguvu zaidi juu ya moyo. Dawa hizo mbili hutoka katika ganda la mti mmoja. Zina atomu zilezile na kwa idadi ileile. Tofauti yao ni mpangilio tu, mfano wa kiatu cha kulia na cha kushoto.

Basi kwa miaka mingi kwinidini ikawa dawa ya kutegemewa ya mapigo yaliyovurugika. Lakini baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakiimeza walizimia ghafla, na wengine hawakuamka tena. Mwaka 1966 tabibu Mfaransa François Dessertenne alieleza sura ya mvurugiko wa namna hiyo kama unavyochorwa na mashine ya kupima umeme wa moyo: mistari hujisokota kama kamba inayopinduliwa huku na huku. Dawa iliyomnyooshea huyu mapigo ilimwangusha yule. Sababu yake haikujulikana mpaka ulipogunduliwa mlango wenyewe, na ugunduzi huo ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia.

Ulitoka kwa nzi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Marekani waliokuwa wakifuga nzi wa matunda waliona kwamba nzi fulani wakileweshwa kwa hewa ya etha hutetemesha miguu kama wacheza dansi wa vilabu vya siku zile, wakaipa hitilafu hiyo jina la mchezo huo. Mwaka 1994 Jeffrey Warmke na Barry Ganetzky walitangaza kuwa binadamu naye anayo sehemu ya urithi inayofanana na ile ya nzi, na kwa kifupi ikaitwa hERG. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba hERG ndiyo inayotengeneza mlango mmojawapo wa potasiamu katika moyo, na kwamba ikiwa na kasoro ya kuzaliwa huleta katika ukoo ugonjwa wa kuzimia na vifo vya ghafla vya vijana. Nani angedhani kwamba nzi mlevi angewafungulia matabibu mlango wa moyo?

DAWA ZILIZOONDOLEWA DUKANI

Mlango wa hERG una tumbo lenye ukuta wa kunata, na kwa sababu hiyo dawa za kila aina hujikuta zimekwama humo, hata zile ambazo hazikukusudiwa moyo kabisa. Terfenadini ilikuwa dawa ya mafua na mwasho. Iliondolewa Marekani mwaka 1998. Astemizoli, ya kazi hiyohiyo, iliondolewa mwaka 1999. Sisapridi, dawa ya tumbo, ikafuata mwaka 2000. Watu walikuwa wamekwenda dukani kutafuta nafuu ya chafya au kiungulia, na wachache wao wakafa kwa moyo.

Kwa askari, kisa kinachostahili kukumbukwa ni cha halofantrini. Dawa hii ya malaria ilibuniwa na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed, ileile iliyobuni meflokwini, kwa ajili ya wanajeshi wanaopelekwa nchi za joto ambako klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Halofantrini ilimwua mdudu sawasawa. Lakini mwaka 1993 watafiti waliowatibu wagonjwa mpakani mwa Thailand na Burma waliandika katika jarida la Lancet kwamba hurefusha muda wa moyo kujiweka tayari, tena sana. Leo hakuna anayeishauri kwa matibabu ya kawaida, na katika dawa za malaria zinazomezwa hiyo ndiyo iliyobaki na jina baya kuliko zote.

Na wale waliolenga milango ya moyo kwa makusudi, je, walifanikiwa zaidi? Mwaka 1989 huko Marekani ulisimamishwa ghafla uchunguzi mkubwa wa dawa mbili, flekainidi na enkainidi, ambazo huziba mlango wa sodiamu. Walipewa watu waliokwisha kupata shambulio la moyo na ambao mashine ilionyesha kuwa wana mapigo ya ziada. Dawa ziliyafuta mapigo ya ziada kama ilivyotarajiwa. Lakini hesabu ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1991, ilionyesha kwamba katika watu 755 waliopewa dawa walikufa 63, na katika 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26. Mchoro wa mashine ulikuwa umependeza, na mgonjwa alikuwa kaburini. Kwa maoni yangu hakuna hesabu nyingine katika utabibu wa moyo iliyowanyenyekesha wataalamu kama hii.

KOMPYUTA INAINGIA

Hapo ndipo faida ya kompyuta inapoonekana. Haikuanza jana. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliandika kanuni za hesabu zinazoeleza jinsi umeme unavyopita katika neva ya ngisi, yuleyule tunayemla Pwani. Kijana Denis Noble, mwanafunzi wa London, akaziazima kanuni hizo ili azijaribu kwa moyo wa kondoo. Chuo Kikuu cha London kilikuwa na kompyuta moja, iitwayo Mercury, na kwa kuwa wakubwa waliihitaji mchana, yeye alipewa saa za usiku wa manane. Mwaka 1960 alichapisha matokeo yake: moyo uliotengenezwa kwa tarakimu tupu ulikuwa unapiga wenyewe ndani ya mashine.

Tangu hapo mifano hiyo imekuwa ikikamilishwa. Mfano unaotumiwa sana sasa ulichapishwa mwaka 2011, na ulijengwa kwa vipimo vilivyochukuliwa katika mioyo zaidi ya 100 ya watu ambao moyo haukuwa na ugonjwa. Mwaka 2013 wakaguzi wa dawa wa Marekani pamoja na wenzao wa nchi nyingine walianza mpango wa kuutumia katika kupima dawa mpya, na kwa kuujaribu wakachagua dawa 28 ambazo hatari yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Walikuwa na sababu nzuri. Kuitazama hERG peke yake kulikuwa kumewapoteza. Verapamili, kwa mfano, dawa ya siku nyingi ya moyo, huuziba mlango wa hERG, lakini wanaoimeza hawaanguki ovyo. Kwa nini? Kwa sababu huuziba pia mlango wa kalisiamu, na kile kinachochelewa upande mmoja hupunguziwa kazi upande mwingine. Mtu hawezi kuifanya hesabu hiyo kichwani kwa milango mingi inayofunguka na kufungwa kwa pamoja. Mashine huweza, tena kwa moyo wenye afya, wa mwenye homa, wa mwanamke na wa mtu aliyepungukiwa potasiamu, mmoja baada ya mwingine.

Kazi ya pili ya kompyuta ni ya umbo. Dawa na mlango ni kama ufunguo na kitasa, na fundi hawezi kuchonga ufunguo wa kitasa asichokiona. Kwa miaka mingi umbo la hERG lilikisiwa tu. Mwaka 2017 Weiwei Wang na Roderick MacKinnon wa New York walilionyesha kwa hadubini ya elektroni inayotazama vitu vilivyogandishwa kwa baridi kali. Mwaka 2020 likaonyeshwa umbo la mlango wa sodiamu wa moyo wa panya, flekainidi ikiwa imekwama humo, yaani ile dawa iliyoleta msiba wa mwaka 1989. Mwaka 2021 Wajapani wakaionyesha astemizoli ikiwa ndani ya tumbo la hERG. Baada ya hapo mtaalamu aliweza kukaa mbele ya kioo na kuona ni sehemu gani ya dawa inayonasa kwenye ukuta.

Yafaa ieleweke jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Kompyuta hupewa umbo la mlango na orodha ya kemikali, pengine mamilioni, ambazo nyingi hazijawahi hata kutengenezwa. Huingiza kila moja, huigeuzageuza, hupima kama inashika au inateleza, na kuipa alama. Zile chache zenye alama nzuri ndizo zinazochemshwa maabarani. Wanaotafuta dawa ya mapigo yaliyovurugika hutaka ishike, lakini mahali panapofaa na kwa kiasi. Wengine huchagua milango inayopatikana zaidi katika vyumba vya juu vya moyo, ili vyumba vya chini visiguswe. Wanaotafuta dawa ya malaria hutaka iteleze kabisa. Elimu ni moja. Sisi tuliosomea ualimu tungesema ni somo moja lenye mitihani miwili.

MZAMBIA NA DAWA ILIYOKATALIWA

Huenda msomaji akadhani mambo haya ni ya Marekani na Japani tu. Sivyo. Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia aliyesoma Chuo Kikuu cha Zambia na baadaye Cambridge, aliasisi katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010 kituo cha kubuni dawa kiitwacho H3D. Kazi yake kubwa ni dawa za malaria na kifua kikuu.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliokuwa wakipekua dawa za zamani waligundua kwamba astemizoli, ileile iliyoondolewa dukani mwaka 1999, humwua mdudu wa malaria. Ilikuwa habari njema yenye mwiba: nani ataipeleka kwa mtoto wa Nchelenge dawa ambayo imekwisha kukatazwa kwa mtu mzima wa Chicago? Chibale na wenzake waliichukua kama fundi achukuavyo ufunguo uliopinda. Wakabadili sehemu hii na ile ya kemikali hiyo, wakitafuta umbo ambalo mdudu hawezi kulistahimili na ambalo mlango wa moyo haulishiki. Katika taarifa zao za mwaka 2021 na 2022 walieleza kemikali mpya za ukoo huo zinazomshambulia mdudu, na baadhi yake zilifanya kazi katika panya waliougua malaria. Hakuna kidonge kilichotoka humo bado. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni safari ya miaka, na kemikali nyingi huachwa njiani.

Mwaka 2023 kituo hichohicho, kwa kushirikiana na shirika la Ersilia, kilichapisha habari za mfumo wa kompyuta uliofundishwa kwa matokeo ya majaribio ya miaka mingi ya kituo chenyewe. Ukipewa mchoro wa kemikali, mfumo hukisia kama itamwua mdudu, kama itayeyuka majini, kama ini litaivunja upesi, na kama italeta madhara kwa moyo. Kwa kituo cha Afrika, ambako kila jaribio la maabara huhesabiwa kwa fedha za kigeni, kuzikataa kemikali mbaya kabla ya kuzinunulia vifaa si anasa.

AKINA MAMA WA NCHELENGE

Pamoja na sifa zote hizo, kompyuta haimezi kidonge. Anayemeza ni mtu. Kati ya mwaka 2010 na 2013 ulifanywa uchunguzi wa dawa za malaria kwa wajawazito 3,428 katika nchi za Burkina Faso, Ghana, Malawi na Zambia, na kwa upande wa Zambia kazi ilifanyika Nchelenge, chini ya Kituo cha Utafiti wa Maradhi ya Nchi za Joto cha Ndola. Akina mama hao walikuwa wamepita miezi mitatu ya kwanza ya mimba na walikuwa na malaria. Katika dawa zilizolinganishwa zilikuwamo mbili ambazo familia nyingi za Afrika Mashariki huzijua: ile yenye artemetha na lumefantrini, inayouzwa kwa jina la Coartem, na ile iliyochanganywa na piperakwini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Ya kwanza ilikuwa na usumbufu mdogo kuliko zote, lakini kinga yake baada ya tiba ilikuwa fupi. Ya pili ilitibu vizuri zaidi na ilimlinda mama kwa muda mrefu zaidi. Basi kwa nini isipewe kila mtu? Kwa sababu piperakwini nayo hurefusha muda wa moyo kujiweka tayari, na jambo hilo liliwatia wasiwasi wakaguzi wa dawa wa Ulaya walipoikubali mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani liliitisha wataalamu mwaka 2016 kulichunguza suala hilo. Mwaka 2018 ikachapishwa hesabu ya watu karibu 200,000 waliowahi kuimeza: alipatikana mmoja tu ambaye kifo chake cha ghafla kingeweza kuhusishwa na dawa hiyo, na hatari ikakadiriwa kuwa mtu 1 katika watu kama 750,000. Malaria yenyewe, isipotibiwa, huua kwa wingi usiolinganishwa na huo. Kwa hiyo mtu asije akaogopa kidonge akaikumbatia homa.

Ila zipo kanuni za nyumbani, na hapa ningewaomba akina mama wasome polepole, kwa kuwa kanuni ya dawa moja ni kinyume cha nyingine. Coartem humezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, samaki aliyekaangwa, au uji uliotiwa karanga, maana bila mafuta lumefantrini huingia mwilini kidogo na mdudu hubaki. Dawa yenye piperakwini humezwa kwa maji, mbali na mlo, na hasa mbali na chakula cha mafuta, kwa kuwa mafuta huiingiza kwa wingi mno na moyo hupokea kuliko haki yake. Jirani akikuambia jinsi alivyomeza yake, muulize kwanza alimeza ipi.

Kutapika na kuhara huondoa potasiamu mwilini, na moyo uliopungukiwa potasiamu huumizwa upesi zaidi na dawa zinazoziba mlango wa hERG. Mgonjwa wa namna hiyo apewe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati, ambayo ndani yake imo potasiamu pia. Kadhalika baadhi ya dawa nyingine, kama erithromaisini, hugusa mlango uleule. Anayekwenda kutibiwa malaria aeleze kila dawa anayomeza, hata ile aliyonunua sokoni. Na ukoo wenye historia ya vijana kuzimia au kufa ghafla wasione haya kulisema jambo hilo mbele ya tabibu, kwani si uchawi. Hatari hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

KOO LA MTOTO

Nina neno la kuwapunguza kasi wale wanaoishangilia kompyuta. Mapigo yaliyovurugika ya mzee wa Ulaya mara nyingi huletwa na umri na shinikizo la damu. Kwetu wagonjwa wengi ni vijana, na moyo wao uliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo, hakutibiwa, na baada ya wiki chache mwili wake hugeuka kuzishambulia vali za moyo, yaani vile vifuniko vikubwa vinavyozuia damu isirudi nyuma. Hivi visichanganywe na milango midogo ya umeme tuliyoieleza. Vali zikiharibika, chumba cha juu hutanuka, na mapigo huvurugika.

Kati ya mwaka 2010 na 2012 watu 3,343 wenye ugonjwa huo waliandikishwa katika nchi 14, zikiwemo Zambia, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa tayari na mvurugiko wa vyumba vya juu. Ugonjwa huu hauna haja ya mashine ya London usiku wa manane. Una haja ya sindano ya penisilini kwa mtoto mwenye koo lililovimba, na ya mama kurudi zahanati kila mwezi kwa sindano za kinga ikiwa moyo umekwisha kuguswa. Ni dawa ya zamani na bei yake ni ndogo. Ugumu ni kufika. Kwa mvuvi anayeishi katika kisiwa cha Kilwa, ambacho kiko ndani ya Mweru na ni cha Zambia, zahanati ni jambo la mtumbwi na la upepo.

Dawa za mapigo zilizobuniwa kwa kompyuta bado ziko maabarani zaidi kuliko dukani, na zitakapofika dukani zitahitaji mashine ya kupima umeme wa moyo na mtu aliyefundishwa kuisoma. Kwa sasa mtu atakayejihisi kifua kinapapatika bila kukimbia, au aliyezimia ghafla pasipo sababu, hasa akiwa anameza dawa, afikishwe hospitali siku hiyohiyo pamoja na pakiti za dawa zake, wala asisubiri siku ya zahanati.